Shasi Iliyobaki Sakafuni

Mazutu, yaani dizeli, ikimwagwa juu ya grisi ya miaka mingi hutoa harufu yake ya pekee. Mazutu yenyewe hunuka safari, na grisi yenyewe, kwangu mimi, hunuka mikono ya Papa. Lakini ukivichanganya na kuanza kukwaruza kwa beleshi, inapanda harufu nzito, tamu kidogo, inayoshika koo na kubaki katika nguo hata ukizifua mara tatu. Mwezi wa tano mwaka huu nilipiga magoti ndani ya harufu hiyo, katika garaji ya marehemu baba yangu kule Kasha, kitambaa kikiwa kimenifunika mdomo.

Fundi wa mbao mmoja alitaka kupanga pale. Alisema atamwaga simenti mpya, lakini kwanza grisi itoke, la sivyo simenti haitashika. Nilimwambia nitaiosha mwenyewe. Sikutaka mikono ya mtu mwingine katika uchafu wa Papa.

Karibu na mlango palikuwa na pipa la mafuta machafu. Pipa hilo lilikuwa limewekwa mahali pabaya kabisa, na kila aliyeingia alijigonga goti. Wateja walimtukana Papa kwa ajili yake, Maman alimtukana, hata padri wa kwetu aliyeleta gari lake siku moja alisema neno ambalo padri hapaswi kulisema. Papa hakulisogeza. Mimi nililisogeza mwaka huu, nikiliviringisha kwa ukingo wake, na chini yake nikakuta tundu dogo lililochongwa katika simenti, ukubwa wa punje ya hindi. Pembeni yake palikuwa na msalaba mdogo.

Nilikaa chini. Ili mwelewe kwa nini nilikaa chini, lazima niwaeleze kazi ya Papa, na kamba, na kaka yangu Pacifique.

Papa alikuwa mnyooshaji wa shasi. Mafundi wa injini walikuwa wengi Bukavu, na wa bati walikuwa wengi zaidi, lakini gari likigongana hadi mifupa yake ya chini ikapinda, watu walikuja Kasha kwa Papa. Walimwita Dokita ya Mifupa. Shasi, kwa msiojua, ni ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayolala chini ya gari tangu mbele hadi nyuma, imeunganishwa kwa vipande vya kupita kama ngazi iliyolazwa. Kila kitu kingine kimekaa juu yake. Ukiona gari linakwenda barabarani limeelekeza pua upande mmoja kama mbwa anayekimbia, ujue shasi yake ni mgonjwa.

Hakuwa na mashine. Alikuwa na vipande viwili vya reli vilivyozikwa ardhini hadi vikakataa kutikisika, nyororo, palan ya kuvutia, kriki mbili za kuinulia gari, na jiko kubwa la makaa la kupashia chuma moto. Na alikuwa na sakafu. Aliimwaga mwenyewe, akaisawazisha kwa maji, akatukataza kupasulia kuni juu yake. Gari likifika, hakuligusa kwanza. Alitundika nati nzito kwenye uzi, akaushikilia uzi chini ya shasi, mahali fulani anapopajua yeye, akangoja nati itulie, akatia alama ya chaki pale inapoelekea sakafuni. Alifanya hivyo mbele kushoto na mbele kulia, katikati, nyuma. Kisha gari lilisukumwa nje, na sakafuni zikabaki alama tu. Zile alama ndizo zilikuwa picha ya shasi.

Halafu ilikuja kamba. Ilikuwa ndefu, yenye mafundo. Inavutwa toka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha toka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Shasi nzima, kamba mbili zinalingana. Shasi iliyopinda, moja inaizidi nyingine, na Papa aliipima tofauti kwa vidole vyake.

"Bati inadanganyaka," alikuwa akituambia. "Unaweza kuipiga marto, kuipaka rangi, inakuwa kama mupya. Shasi haidanganye. Penye ilipigwa, itakuonyesha."

Pacifique, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alishika mwisho wa mbele. Mimi, mwenye miaka tisa, nilishika mwisho wa nyuma, kidole gumba kikiwa kimekandamiza kamba juu ya alama. Kamba ikikazwa vizuri, Pacifique aliipiga kwa kidole kama uzi wa gitaa, nayo ilivuma, na mimi nilisikia mvumo ukifika chini ya gumba langu kama mdudu aliyefungiwa. Papa alimkaripia kila mara. Kila mara alirudia. Nafikiri Papa alimkaripia kwa desturi tu, kama unavyomwambia mtu "pole" akipiga chafya.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa askari ambao sitawataja kwa jina, kwa kuwa walikuja wa aina nyingi na mwenendo wao ulikuwa mmoja. Ndugu mdogo wa Maman, Tonton Basile, alikuwa na kamionete. Siku za soko alibeba watu na mihogo na ndizi toka Nyangezi hadi mjini, akiwa amevaa kofia ya manyoya hata jua likiwa kali, na alituita sisi watoto "bakubwa" huku akituvulia kofia hiyo. Tulimpenda. Andikeni hilo mahali msilisahau, maana nitakayosema mbele yatafanya mfikiri kwamba sikumpenda.

Siku moja Maman alimtuma Pacifique aende na Tonton Nyangezi kuchukua maharagwe kwa shangazi. Wakati wa kurudi alikaa nyuma, juu ya magunia, pamoja na wanawake wa soko. Walipofika Nyantende, jeep ya askari na kamionete zikagongana. Mwanamke mmoja alivunjika mkono. Pacifique alirushwa, akaangukia jiwe. Walituletea mwili wake ndani ya shuka ya mtu tusiyemjua.

Askari walisema hivi: kamionete ilitoka kwenye kijia cha pembeni bila kuangalia, ikaigonga jeep ubavuni. Dereva amelewa. Tonton Basile alisema hivi: alikuwa amesimama kando ya barabara ili mama mzee ashuke, na jeep ikaja mbio ikawavamia. Wanawake wa soko walitawanyika siku ileile na hakuna aliyetaka kuulizwa. Kamionete, ambayo ingeweza kusema, askari waliisukuma bondeni, wakasema inazuia njia. Na Tonton, walipomnusa, alinuka kasiksi. Ni kweli, kule Nyangezi alikuwa amepewa kikombe kimoja cha ile pombe ya ndizi, na yeye mwenyewe alikiri. Kikombe kimoja. Walimtia kashoni, kile chumba cha wafungwa, kambini.

Sasa nitawaambia jambo ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima, na linaniwasha hadi leo. Katika kilio kile, nyumba ilijaa watu, na wote walikuwa na hasira, na hasira yao yote ilimwendea Basile. Maman alipiga ukuta kwa mikono akisema, "Basile aliniulia mutoto! Ndugu yangu aliniulia mutoto!" Majirani waliitikia kwa vichwa. Mimi nami nililia hivyo hivyo. Hakuna aliyesema "askari", na hakuna aliyepanga tusiseme. Hasira ya watu wasio na silaha hutafuta mahali pasipo na bunduki, na Basile hakuwa na bunduki.

Siku ya nne baada ya maziko, jeep ikaletwa Kasha, ikivutwa na lori. Hawakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Mtu mmoja tu katika mji angeweza kunyoosha shasi yake, naye alikuwa baba wa mtoto tuliyemzika.

Komanda alishuka akiwa amevaa miwani myeusi, viatu vimepakwa rangi viking'aa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele.

"Ni weye banaitaka Dokita ya Mifupa?"

"Ni mimi, komanda."

"Hii gari nataka siku tatu."

"Komanda, nilizika mutoto yangu siku ya Mungu."

"Tulisikia. Pole, muzee." Alisema pole kama mtu anayefukuza nzi. "Ni ule mulevi, shemeji yako. Tuko naye kule. Ukimaliza gari, nakurudishia yeye. Usipomaliza, atabakia." Kisha akaupiga mlango wa jeep uliobonyea kwa kiganja. "Unaona? Alituingilia hapa, mu mbavu."

Papa aliutazama ule mlango kwa muda mrefu.

"Naona bati, komanda," akasema.

Komanda alicheka, akafikiri ni mzaha wa fundi. Mimi sikufikiri chochote. Nilimtazama Papa akichukua nati yake na uzi, nikamchukia. Nilifikiri atakataa. Katika akili ya mtoto wa miaka tisa, baba ni mtu wa kukataa. Nilidhani atachukua marto yake, ile nyundo kubwa, na kumpiga yule mtu kwenye miwani, na mimi nilikuwa tayari kumletea.

Waliacha askari mmoja wa kulinda, kijana mwenye shingo nyembamba, aliyekaa juu ya tairi akila karanga na kutupa maganda kwenye sakafu ya Papa.

"Muzee, hii gari utainyoosha na kamba ya mbuzi?"

"Mbuzi ikipotea, kamba inabakia," Papa akamjibu bila kumwangalia.

Alitia alama zake za chaki. Jeep ikasukumwa nje. Kisha akachukua kamba na kuniita nije, mimi binti yake.

"Kuya, mama."

"Mimi sitaki."

"Kuya tu."

"Kule mbele ni kwa Pacifique!"

"Najua," akasema. "Mbele nitashika mimi."

Basi nikashika mwisho wangu wa nyuma kulia, karibu na pete ya chuma iliyokuwa ukutani, na Papa akapiga magoti mahali pa Pacifique. Tulipima. Akahesabu mafundo. Tukavuka upande wa pili, tukapima. Akaniambia turudi upande wa kwanza, kisha wa pili, kisha tena wa kwanza. Mara tatu. Alikuwa hajawahi kupima mara tatu. Aliweka vidole vyake sakafuni pale mbele kushoto, kimoja baada ya kingine, hadi vinne.

"Vidole vine," akasema polepole. "Mufupa wa kushoto ulirudi nyuma vidole vine. Na haukuenda pembeni hata kidogo."

Alikuwa akisema nami? Alikuwa akisema peke yake? Nilimsikia, nikakumbuka maneno, kama mtoto anavyokumbuka misa ya Kilatini. Nilikuwa nawaza maganda ya karanga.

Mvua ilianza, ile mvua ya kwetu inayoshuka toka milimani bila kupiga hodi. Askari akakimbilia kwenye kibanda cha jirani anayeuza sigara. Papa akanituma maji, na mvua ikinyesha! Nilisimama chini ya upenu wa jikoni na ndoo yangu, nimenuna, na nikasikia marto ikigonga toka garaji. Haikuwa sauti ya chuma kwa chuma, ambayo inaimba. Ilikuwa sauti kavu, ndogo: to, to, to. Ikanyamaza. To, to, to. Niliporudi, Papa alikuwa anapaka grisi sakafuni kwa mkono, akiisambaza kama anayepaka mafuta mgongo wa mtoto. Mtu ambaye alitukataza kudondosha hata tone moja. Sikumuuliza. Nilikuwa nimeapa kutosema naye.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi. Alifunga nyororo toka mhimili wa kushoto hadi kwenye reli, akapasha moto chuma hadi kikawa chekundu kama moyo wa nyanya, akavuta palan, jino baada ya jino. Chuma kililia. Chuma kina kichwa kigumu. Ukikivuta hadi mahali pake na kukiachilia, kinarudi kilikotoka. Lazima ukivute kipite kidogo, ukiache kimefungwa hivyo usiku mzima, ndipo kikubali. Alikuwa akifanya hayo yote kwa uangalifu uleule aliomfanyia padri na wauza bia. Hilo ndilo lililonichoma. Laiti angefanya vibaya! Laiti angetukana, angetupa kifaa kimoja! Alipangusa jasho, akapima, akavuta. Maman alipita mara moja mlangoni, amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni, akaona jeep, akatema mate chini, akaondoka.

Siku ya tatu walirudi na komanda. Papa aliniita kwa kipimo cha mwisho. Alama mpya za chaki zilikuwa sakafuni, nyeupe juu ya grisi, na komanda alisimama juu yetu na miwani yake.

Na hapo nikafanya jambo langu. Nilisogeza gumba. Kidogo tu, upana wa kidole, kuirudisha kamba nyuma ya alama. Nilifikiri: kipimo kikiharibika, Papa atavuta tena, atakosea, jeep itatoka imepinda, itawapeleka bondeni kule Nyangezi wote, na miwani yao. Sikuwaza kwamba Tonton angebaki kashoni. Nikiwa mkweli, niliwaza, na nikaona ni sawa.

Papa alihesabu mafundo. Akainua macho akanitazama toka upande wa pili wa kamba, na nikajua ameona, maana mkono wake ulikuwa umeishika kamba ileile.

"Rudisha kidole," akasema.

"Iko pahali yake."

"Usidanganye kamba, mama." Alisema kwa sauti ya chini sana, komanda hakusikia. "Ni kamba tu njo tulibakia nayo."

Nikarudisha kidole. Kamba mbili zikalingana. Jeep ikaondoka Kasha imenyooka kama siku iliyotoka kiwandani. Komanda, kwa furaha yake, alinipa paketi ya biskuti kupitia dirishani. Ningependa kuwaambia kwamba nilizitupa mtaroni. Nilizila. Nilizila nyuma ya choo, zote, haraka haraka, nikilia, kwa kuwa tulikuwa na njaa na zilikuwa na sukari. Katika yote niliyoyatenda maishani, hizo biskuti bado sijaweza kuzimeza.

Tonton Basile alitoka jioni ileile. Alikuja moja kwa moja kwetu, bila kofia yake, jicho moja limevimba. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Dada yangu, nilikuwa nimesimama," akasema. "Napiga kiapo, nilikuwa nimesimama."

Maman alifunga mlango. Papa akatoka kwa mlango wa nyuma, wakakaa wote wawili nje kwenye gogo. Niliwachungulia kwenye ufa. Papa alikuwa anachora kitu udongoni kwa msumari, mistari miwili mirefu na mingine ya kupita, na Tonton alikuwa ameinama anatazama, kisha akajifunika uso kwa mikono. Papa akaufuta mchoro kwa kiatu.

Papa alifariki vita havijaisha, kwa homa iliyomchukua wiki moja tu, na nyumba ikabaki na mwanamume mmoja wa kututazama, ambaye hatukutaka atutazame. Kila siku ya Mungu baada ya misa, miaka mingi, Tonton Basile alikuja. Alileta mkungu wa ndizi, au makaa, au hakuleta kitu. Alisimama palepale mlangoni na kusema kwa Kishi, lugha yetu, "Asinge," yaani amani kwenu. Maman alijibu kwa kuitikia tu puani. Mimi sikujibu. Nilikuwa mtoto, nikawa msichana, nikawa mke wa mtu, na sikujibu. Siku ya harusi yangu alikaa kwenye benchi la mwisho. Alipozeeka mguu ukamuuma, akaja kwa fimbo toka Nyantende, nami nilimpita uani na beseni langu la nguo kama ninayepita mti.

Tulimzika mwezi wa pili. Nilikwenda, kwa kuwa watu wangesema. Nilisimama nyuma.

Na mwezi wa tano nikaosha sakafu.

Nilipoliona lile tundu lenye msalaba, nilitambaa nikiukwaruza uchafu kama mwehu, na nikayapata mengine, moja baada ya jingine: mbele kulia, mawili ya katikati, na mawili ya nyuma, moja karibu na ile pete ya ukutani ambapo nilipiga magoti nikiwa na miaka tisa. Papa alitumia chaki maisha yake yote, na kila kazi ikiisha alifuta kwa kitambaa chenye maji. Mara moja tu alichonga. To, to, to, ndani ya mvua.

Kamba yake ilikuwa bado kwenye msumari, imekauka. Niliikaza kwa mawe, nikapima huku na huku. Kisha nikaweka vidole vyangu pale mbele kushoto, kati ya lile tundu na mahali ambapo lingepaswa kuwa. Vimekuwa vinene sasa, vidole vyangu, kama vyake. Vinne.

Mufupa wa kushoto umerudi nyuma. Haukuenda pembeni hata kidogo.

Gari linalogongwa ubavuni, shasi yake inasukumwa ubavuni. Binti wa Dokita ya Mifupa analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mhimili unarudi nyuma kwa sababu moja tu: gari limegonga kwa pua, lenyewe, na kwa nguvu. Mlango uliobonyea ulikuwa bati. Jeep ilikuwa imemvamia mtu aliyesimama, ikazunguka, ikajipiga ubavu kwenye ukingo wa barabara. Tonton alikuwa amesimama. Alisema hivyo siku ya kwanza, na akaendelea kusema kwa kuja mlangoni kwetu kila Jumapili na mguu wake mbovu.

Nilikaa katika ile harufu na hasira ikanijaa hadi masikio yakavuma. Niliwakasirikia wale wa jeep, ambao pengine leo wana matumbo na wajukuu. Nilijikasirikia. Na nilimkasirikia Papa. Alijua! Alilazimishwa kumnyoosha shahidi pekee aliyebaki, akaificha sura yake sakafuni, akaweka pipa juu, akanyamaza. Ninajua kwa nini. Maman asingeweza kunyamaza. Angekwenda kambini siku ileile na sauti yake yote, na tungezika tena. Alihesabu, kama alivyohesabu mafundo, akaona kwamba jina la Basile ni rahisi kupotea kuliko uhai wa Maman. Na Basile akakubali, pale kwenye gogo. Naelewa. Nawaambia tu kwamba kuelewa hakujanipoza.

Nilikwenda kumwita Maman. Amezeeka, anatembea akishika kuta.

"Unaniita mu uchafu ya baba yako kwa nini?"

Nilimwonyesha. Nilieleza polepole, tundu kwa tundu, nikamshikisha vidole vyangu vinne. Alikuwa mke wa fundi kwa miaka kumi na saba; sikuhitaji kueleza mara mbili. Aliutazama ule msalaba.

"Basile alisema alikuwa amesimama," akasema.

"Ndiyo, maman."

"Alinipigia kiapo."

"Ndiyo."

"Na huyu alijua." Akaligonga pipa kwa fimbo, likalia kama kengele iliyopasuka. "Deo! Weye mubaya! Mubaya!" Alimtukana marehemu kwa Kishi na kwa Kiswahili, na kati ya matusi kulikuwa na jina lake la utani la ujana ambalo sikuwahi kulisikia. Nilingoja. Sikumzuia, maana alikuwa na haki, na aliingoja haki hiyo muda mrefu kuliko mimi.

Kisha akaniuliza, "Pacifique alikuwa anashikaka wapi?"

"Hapo, maman. Penye musalaba."

Akaweka fimbo chini. Akapiga magoti juu ya grisi, na kitenge chake kizuri, nikamsikia mifupa ikigoma. Akachukua mwisho wa kamba akaukandamiza kwa gumba juu ya tundu. Mimi nikaenda mahali pangu pa zamani, nyuma kulia.

Watu husema mtoto hakumbuki. Mimi nilikumbuka kila kitu: mvua, maganda ya karanga, sauti ya marto, vidole vine. Ukweli wote ulikuwa chini ya kidole changu gumba tangu siku ile, na mtu aliyeuhitaji alikuwa mlangoni akinisalimu kwa amani, nami nikampita na beseni. Yule fundi wa mbao nimemwambia atafute garaji nyingine. Simenti haitamwagwa pale nikiwa hai.

Siku ile tulipokwisha kupima pande zote mbili nilimwambia Maman aachilie, anyanyuke, magoti yatamuuma. Hakuachilia. Alikuwa ameinamisha kichwa, gumba lake limekuwa jeupe kwa kukandamiza.

"Bado," akasema. "Vuta."